Wichita Kuna Alizeti

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini, nimefuata mashudu, yale makapi ya mbegu, ya kulisha kuku wangu, ambao wanakula kunizidi, na mimi mwenyewe ni mnene. Mbele yangu mama mmoja wa Mtinko amekalia gunia lake kama hakimu. Binti yake kapata nafasi ya kusoma Wichita, mji wa wastani huko Marekani, na mama hajatoa ruhusa.

Binti akawa anaunadi mji kwa picha za simu. “Mama, mito miwili inakutana mjini, na hapo pana sanamu ya shujaa. Jioni wanawasha moto miguuni pake.”

“Wanamchoma kwa kosa gani?”

“Ni urembo tu, mama. Na bustani ya wanyama ipo, ina simba.”

“Upande ndege ukatazame simba? Wa pori letu la Rungwa wamekukosea nini?”

Foleni nzima tukacheka. Binti hakucheka, machozi yalikuwa karibu. Akafungua picha ya shamba nje ya mji. Mama akapangusa kidole kwenye kanga, akaikuza.

“Hizi si alizeti?”

“Ndiyo, mama. Wanalima.”

“Zimeinama vizuri. Na upepo?”

“Kama huu wetu.”

Mama akashusha pumzi ndefu. “Si ungeanzia hapo! Nenda, mwanangu. Mimi nilidhani unakwenda ugenini.”

Enyi watangazaji wa utalii, sanamu wekeni nyuma.

Binti akifuta machozi, mama akaongeza: “Ukifika, waulize mashudu wanampa nani.”

Kuku wangu nao wanasubiri jibu.