Mashati Ishirini na Matatu Yasiyo na Wenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, Desemba 9, nje ya ukuta wa Uwanja wa Taifa. Fundi Albano Nampota amepiga goti mchangani, anakaza kifungo cha shati la mvulana mmoja huku mvulana mwenyewe akitafuna kitumbua.

"Simama wima, bwana," anamwambia. "Mafuta hayo yakidondokea kola, nakuvua hapa hapa."

Nyuma ya mvulana huyo wamejipanga wenzake, wote wa shule moja ya msingi ya Temeke, mashati ya kijani, kola za njano. Fundi anakata uzi kwa meno, anainuka na kuwahesabu. Wanafika sitini. Anawahesabu tena, wanafika sitini vile vile.

Asiyejua atasema mzee huyu ana wasiwasi wa bure. Lakini siku kumi zilizopita wavulana hao walikuwa thelathini na saba tu, na shule yao ilikuwa chupuchupu kuondolewa kwenye halaiki ya miaka kumi na tano ya Uhuru. Kosa la nani? Fundi hazunguki mbuyu.

"Langu," anasema.

Albano ana miaka arobaini na tisa. Alitoka Newala mwaka 1958 kuja kubeba mizigo bandarini Kurasini, mgongo ukakataa, akajifunza cherehani. Leo anashonea barazani kwake Temeke pamoja na mkewe, Yustina, anayepinda mapindo na kutia vifungo. Mwezi mzuri huwapatia shilingi mia tatu na hamsini. Miezi ambayo vitambaa havionekani madukani, na siku hizi ni mingi, hutia viraka.

Kwa hiyo Oktoba, kamati ya shule ilipomkabidhi kazi ya mashati ya halaiki, nyumba hiyo ilicheka. Wavulana sitini walipangiwa kuunda mpini wa mwenge katikati ya uwanja, na kila mtu Temeke alijua mwenge usio na mpini ni kichekesho.

Kitambaa kilichotolewa na serikali kilikuja pungufu. Albano akampima kila mtoto, akakata kwa kubana, akaandika jina kwa chaki ndani ya kola.

"Sikuacha upindo hata wa kidole," anasema. "Kila shati lilikuwa na mwenyewe. Nilijiona fundi kweli kweli."

Shule zikafungwa Ijumaa, Novemba 26. Jumatatu yake, kwenye mazoezi, wavulana ishirini na watatu hawakutokea.

"Nilidhani mafua," anasema Mwalimu Polikarpo, msimamizi wa halaiki shuleni hapo. "Halafu nikajiuliza, mafua gani haya yanayochagua wavulana tu?"

Jibu lilikuja lenyewe barazani jioni ile. Jirani, Mwamvita Mwishehe, alileta kitambaa cheupe akitaka kanzu ya mwanawe Hija, aivae siku atakayotoka jandoni. Hija huyo alikuwa wa nne mstari wa mbele kwenye mpini.

"Nikamuuliza, Mama Hija, jando mwezi huu? Akanicheka mpaka akakaa chini," anasema Albano.

Mwamvita bado anacheka akikumbushwa. "Sasa tuwapeleke lini, wakiwa darasani? Shule ikifungwa tu, sie watoto wetu tunawapeleka Kisarawe kwa ngariba. Mtaa mzima wajua, isipokuwa fundi na chaki yake!"

Kwao Albano, Newala, wavulana huingia jandoni katikati ya mwaka, mavuno yakishatoka shamba. Wanawe mwenyewe walipelekwa mwezi Juni. Miaka kumi na minane amekaa Dar es Salaam akishona kanzu za wari wa Kizaramo, vijana wanaotoka jandoni, na hakuwahi kuangalia zinaagizwa mwezi gani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Albano aliuliza kifua, bega na mkono, basi.

Ukaguzi wa sare ulikuwa Jumamosi, Desemba 4. Shule yenye pengo ingeachia nafasi shule nyingine. Jioni ile ile Mwalimu Polikarpo alileta wavulana wengine, lakini mashati yaliwabana hawa na kuwapwaya wale. Kitambaa cha kushona mengine hakikuwepo.

"Siku ile nilimpikia pweza wa nazi, akamwacha," anasema Yustina. "Albano huyu, amwache pweza! Nikajua tumekwisha."

Ni yeye Yustina aliyeona njia, akiosha sahani. Ikiwa watoto wa Kizaramo wako jandoni, basi watoto wa kusini, waliokwishatoka tangu Juni, wako majumbani wanapiga soga. Na wengi wao ni wa shule hiyo hiyo.

"Nikamwambia, baba, acha kutafuta nguo ya mtoto. Tafuta mtoto wa nguo."

Kesho yake, Jumanne, Albano akatoka na mashati ishirini na matatu begani, futi shingoni na balozi wa nyumba kumi ubavuni. Wakapita Mtoni, wakapita Keko, wakafika mpaka kwa wabeba mizigo wa Kurasini, wakibisha hodi kila penye mwanafunzi wa kutoka Newala, Masasi au Lindi. Lililomkaa mtoto, lilikuwa lake.

"Nilidhani ananadi nguo," anasema Margareta Gaspar wa Keko. "Nikamwambia, fundi, mie hela sina. Akanijibu, mama, sitaki hela, nataka mabega."

Kufikia Alhamisi yalikuwa yamebaki mawili. La mwisho, pana kuliko yote, lilipata mtu Ijumaa kwenye mpira wa makaratasi Kurasini. Alikuwa golikipa, na timu yake iligoma kumtoa mpaka fundi alipokubali kudaka mpaka mechi iishe. Alifungwa matatu.

Jumamosi ukaguzi ukapita, na wageni wakafundishwa hatua kwa siku zilizobaki, asubuhi na jioni.

Sasa, uwanjani, filimbi inalia. Mistari inakimbia, inapishana, inatulia. Mpini wa mwenge unasimama katikati ya majani, umenyooka, haukatiki popote, na uwanja unanguruma.

Albano hapigi makofi. Amekaa kwenye zege, mikono magotini, machozi yanamtoka wala hayafichi. Yustina anampa ncha ya kanga yake.

"Nimepona," anasema. "Mama, nimepona."

Wiki moja baadaye barazani ameshapanga ya mwakani. Hatapima mtoto kabla ya kuwauliza akina mama, na mashati atayaachia upindo wa kutosha. Anaeleza hayo kwa kujiamini wakati Mwamvita anapofika kuchukua kanzu.

Mwamvita naye ana habari. Watoto kule jandoni wamelia kwa kukosa uwanja kuliko walivyomlilia ngariba. Akina mama wamekaa, wamezungumza na ngariba, na amekubali: kuanzia mwakani hakuna mtoto atakayekwenda kabla Desemba 9 haijapita.

Fundi anaweka mkasi chini. Anahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo wale wako watarudi, na hawa wangu hawatakubali kutoka," anasema. "Wavulana themanini na watatu, mashati sitini!"

"Utafanyaje?" anauliza mkewe.

Albano anaanza kucheka, mabega yanamtikisika.

"Shida hiyo, Yustina, niache kwanza niifurahie."