Kitambaa Juu ya Mashine

Sheria ya vitambaa niliitunga mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa anajaribu kitu. Wanunuzi wa mboga walipanda Lushoto na malori yao wenyewe, na chama cha wakulima wa mboga kilikuwa kimepata kompyuta nne zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mimi nilikuwa nimepita kazi nyingi. Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la chai, wazazi wangu wakiwa wametoka mbali kuja kuchuma. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu lori lilikuwa linateremka Tanga na nilitaka kuona linakoishia. Nikawa utingo, nikapasua mbao, nikafagia duka moja la kupiga chapa huko Tanga. Siku niliyoona kompyuta ikifunguliwa tumbo, ufagio nikausahau. Niliuliza maswali mpaka mwenye duka akachoka, akanipa bisibisi.

Chama kiliniita fundi. Disketi zilizoletwa na wanunuzi zilijaa virusi, kwa hiyo kila Alhamisi basi la Tanga lilituletea bahasha yenye disketi za toleo jipya la kinga. Nilizipitisha moja moja kwenye kila mashine, halafu mashine inazimwa na kuwashwa upya. Bila kuzima na kuwasha, toleo jipya halishiki. Shida ilikuwa watu. Kila niliyemwendea aliniambia, "Subiri, namalizia," na Alhamisi inaisha.

Sasa, kila mashine ilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kama vile vinavyowekwa juu ya redio majumbani. Nikatoa sheria: ukimaliza kazi yako na kuihifadhi, funika mashine. Iliyofunikwa ni yangu, nitaizima bila kuuliza. Wote wakakubali. Mama wa usafi hakuwepo siku hiyo, na sikuona sababu ya kumweleza. Yeye na kompyuta wapi na wapi.

Kila Alhamisi alinikuta nimekaa mbele ya kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wagonjwa wako wamelala?"

"Wawili wamelala, mama."

"Mwanamume mzima unakaa unatazama mstari unajaa. Si bora ungelima hata tuta moja la karoti."

"Mwache, mama," mpiga chapa wetu alikuwa akisema kutoka mezani kwake. "Anawaogesha watoto wake."

Huyo mpiga chapa ndiye aliyenifanya nikae mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Alikuwa na maswali kama yangu. Akiona maandishi kwenye kioo hapiti, lazima aulize. Siku moja umeme ulikatika, na uliporudi mashine yake ikaanza kwa kioo cha bluu na namba zinazopanda. Akauliza inafanya nini. Nikamwambia imezimika ghafla, kwa hiyo inajikagua kwanza kama haikuumia. Ukiizima kwa utaratibu, haijikagui, inafunguka moja kwa moja. "Kumbe inakumbuka ilivyolala," akasema. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Mama yake aliishi Malindi, kijiji cha huko huko milimani juu ya Lushoto, na alikuwa anaumwa. Alhamisi akiteremka hospitali, alipitia ofisini akiwa na kikapu cha matunda damu, akakaa kwenye benchi kando ya binti yake na kumsimulia maisha yake kwa Kishambaa. Binti alichapa huku mama anasema. Mama hakujua kusoma. Alipenda tu kuona maneno yake yakijipanga kwenye kioo, na mara nyingine alinyoosha kidole akauliza, hili ndilo jina la baba yangu? Kurasa zilifika kumi na moja, zote kwenye disketi. Mimi Kishambaa sikukijua. Kambini tulikuwa wa makabila mengi, tuliongea Kiswahili tu.

Alhamisi ya mwisho mama alisimulia asubuhi, akaondoka na gari la kurudi Malindi. Saa tisa nilikwenda stendi kupokea bahasha yangu. Basi lilichelewa. Niliporudi ofisi ilikuwa tupu. Mama wa usafi alikuwa amekaa mlangoni, ufagio umelala miguuni pake.

"Mama wa mwenzako amefariki," akaniambia. "Amefia ndani ya gari, hata nyumbani hakufika. Wote wamepanda huko."

Niliingia ndani. Mashine ya mpiga chapa ilikuwa inawaka, na juu yake kitambaa. Nilifikiri, akirudi kutoka msibani aikute iko tayari, asisumbuliwe. Ndivyo nilivyofikiri kweli. Nikafunua, nikaingiza disketi, nikaagiza izime. Ikaniuliza, kwa Kiingereza, kama ihifadhi yale yaliyoandikwa. Nyuma ya swali niliona nusu ukurasa wa Kishambaa. Swali lile nilishaliona mara nyingi, hata kwa kazi iliyokwisha kuhifadhiwa, na kila mara jibu langu lilikuwa Hapana, kwa sababu kilichofunikwa kimeshahifadhiwa. Nikabonyeza Hapana.

Kesho yake nilikwenda Malindi kuzika. Baada ya maziko, wanaume tulipokuwa tunaagana, mpiga chapa alitoka kwenye kundi la wanawake akaja nilipo. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Fundi, jana mama alinisimulia siku niliyozaliwa mimi. Hakuwahi kunisimulia. Nilikuwa nachapa tu, nusu ya akili iko kwenye barua ya mwenyekiti, nikasema nitasoma jioni. Nilipoitwa nikatoka mbio, hata sikuhifadhi. Iko pale kwenye mashine. Msiizime."

Ningeweza kusema palepale.

"Pole, dada," nikasema. "Jana jioni umeme ulikatika."

"Basi ni mapenzi ya Mungu," akasema, akarudi kwa wanawake.

Alikaa msibani siku saba. Mashine yake, niliyoifunika tena baada ya kuizima, haikuguswa na mtu. Aliporudi kazini nilikuwa mezani kwangu, nimeshika bisibisi bila kazi nayo. Aliondoa kitambaa, akawasha. Hapakuwa na kioo cha bluu wala namba zinazopanda. Mashine ilifunguka moja kwa moja.

Hakugeuka. Alisema tu, "Haikujikagua."

Niliweka bisibisi mezani.

"Fundi, hii ililala vizuri."

"Niliizima mimi," nikasema. "Ilikuwa imefunikwa."

"Mimi sikuifunika."

"Najua sasa. Na iliniuliza, dada. Iliniuliza kama ihifadhi."

Hapo akageuka. "Iliuliza?"

"Iliuliza. Nikajibu hapana."

Aliweka mikono yote miwili juu ya kibodi, bila kubonyeza kitu. "Ningeyalilia maneno yale siku ile ile, pamoja na mama," akasema. "Wewe ulinipa umeme wa kulaumu."

Mama wa usafi akaingia na chai. Aliweka kikombe kwanza kwa mfiwa, akampapasa bega.

"Pole, mwanangu. Siku ile ulivyotoka mbio uliacha mashine wazi. Mimi ndiye niliyeifunika, vumbi lisiingie kwenye kazi yako."

Neno moja tu lingetosha, na yule mama angebeba mzigo huo mpaka kaburini.

Mpiga chapa alimshika mkono. "Hongea, mama," akamshukuru kwa Kishambaa. "Umefanya vizuri sana."

Mama akatabasamu, akatoka na sinia lake.

Tangu siku hiyo disketi za Alhamisi aliziingiza mwenyewe kwenye mashine yake. Nilikuwa nikimwona akizima, akingoja, akiwasha tena, na hakuuliza tena swali lolote. Disketi ya kurasa kumi na moja ilikaa kwenye mkoba wake. Masimulizi yale, kama alivyowahi kunitafsiria, yanaishia mama akiwa mjamzito, anapalilia maharage, mvua imeanza.

Nilivumilia Alhamisi tano, kisha nikapanda lori la kabichi. Nimewasha na kuzima mashine nyingi tangu hapo, katika miji mingi. Zote zinauliza. Bado huwa naondoa mkono kwanza, naita aliyeko karibu, namwomba ajibu yeye.