Nani Amemwagilia Mawe ya Bwawa

"Shemeji, kazi yangu niachie mwenyewe," fundi alinifokea, mwiko mkononi. "Nani kakutuma umwagilie saruji yangu?"

"Nimwagilie mimi? Vyombo vimejaa karo, halafu nianze kuogesha mawe?"

Alikuwa mume wa marehemu dada yangu. Watu walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, maana hata ukimkaribisha kiti, hukitazama kwanza kama kimekaa sawa. Tangu msiba alikuwa hajagusa kazi. Kwenye nyumba niliyokuwa napika, mama mwenye nyumba alichimbisha bwawa dogo bustanini, nikamtafutia shemeji kibarua cha kulizungushia mawe.

Kila jiwe aliligeuza mpaka upande bapa ukae juu na pua yake itokeze kidogo kufunika plastiki ya bwawa. Akalilaza kwenye saruji, akalipanda kwa miguu miwili. Likicheza, linang'olewa. Asubuhi yake saruji lazima inyweshwe maji, la sivyo inapasuka.

Sasa ilikuwa imeshanyweshwa, na geti nimelifungua mimi, kabla hajaingia mtu.

"Labda umande," nikasema.

"Umande gani unaolowesha saruji na kuacha nyasi?"

Tukainama. Nyasi kavu kabisa. Kwenye viungo vya mawe kulikuwa na matone madogo madogo, yamepangana, kama yaliyotoka kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari. Kopo hilo sote wawili tulilijua. Dada alilitoboa mwenyewe, akawa anamfuata mumewe kazini alfajiri kumwagilia, huku akiimba vibaya. Mimi si mtu wa kuamini mizuka, lakini siku hiyo mchuzi niliutia chumvi mara mbili.

Kesho yake, vilevile. Keshokutwa yake shemeji alikuja mlangoni pa jiko, uso umemshuka.

"Naacha kazi. Sijui anataka nini."

"Unajua sana. Mji mzima umewajengea ngazi. Mkeo akitoka mlango wake wa nyuma alikanyaga tope mpaka siku anatolewa ndani ya jeneza. Ulimwambia utamjengea kesho mara ngapi?"

Akarudi bwawani, akafanya kazi bila kuinua kichwa. Jioni duara likafunga, likabaki jiwe moja, pana, zuri. Akaliomba kwa mama mwenye nyumba.

"Chukua, baba. Mimi nitalifanyia nini?"

Akalibeba begani mpaka kwake. Nikamfuata; umbea wangu haujawahi kuniacha nyumbani. Alichimba tope la mlango wa nyuma, akamwaga kokoto na saruji, akalilaza jiwe. Akapima, akapima tena, akalipanda. Halikucheza.

Alfajiri nilipitia kwake nikielekea kazini. Nilimkuta amekaa kizingitini, kopo la matundu magotini, macho mekundu. Saruji ilikuwa haijanyweshwa.

"Hajaja," akasema.

"Aje kufuata nini? Ngazi yake si hiyo hapo?"

Alilitazama jiwe. Kisha akachovya kopo kwenye ndoo, akaanza kumwagilia, polepole, ukingo kwa ukingo. Aliponyanyuka anipishe, nikamwambia akae. Nikakusanya gauni, nikapita kando kwenye tope kwenda zangu kazini, nisije nikaichafua ngazi ya dada kabla haijakauka.