Pembe Nne za Kioo

Siku zile nazikumbuka kwa miguu yangu, mwanangu, maana haikutulia hata kidogo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mpiga picha wa Temeke, bado tuko chini ya Mwingereza, na nilikuwa na kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi. Kila nilichokitaka nilikitaka sasa hivi. Hata chai niliinywa nimesimama.

Jirani yetu Bwana Nasoro, mwenye duka la nafaka, alinijia na shughuli. Shangazi yake, Bi Zuwena, aliyemlea yeye na nduguze baada ya mama yao kufariki, alikuwa anakwenda hija kwa meli siku ya Jumamosi. Enzi hizo mtu mzima akienda hija mliombana radhi kabisa, kwa kuwa kurudi ni kwa Mungu. Bi Zuwena hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Safari hii alikubali kwa sharti moja: picha ipigwe uani, kwa sababu wanawake wa nyumba ile hawakusimama barabarani kutazamwa. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa kuwa nilikulia mlangoni pao.

Sasa, uani kwao palikuwa pembamba. Ukirudi nyuma hatua tano, mgongo umegusa ukuta. Watu ni ishirini na mmoja. Lenzi yangu ya kawaida ingechukua nusu yao, kwa hiyo nilihitaji lenzi pana.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Petro, mzee wa Tabora aliyekuwa na studio ndogo Kinondoni. Aliniambia, "Lenzi humwaga picha ya duara, na kioo cha kamera yako kina pembe nne. Duara likiwa dogo, pembe zinabaki gizani. Basi usiniambie inaona upana gani. Iazime, ifunge kwenye kamera, tazama pembe zote nne, kisha piga picha ya ukuta uisafishe. Ndipo ununue."

Dukani mjini kulikuwa na lenzi mbili. Moja kuukuu, nzito, shaba yake imeshika weusi, na ukitazama kupitia kwayo lazima ukodoe macho kwa giza. Ya pili ndogo, inang'aa, inapitisha mwanga hadi raha. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini mimi nilikwisha kupenda. Mwenye duka akasema niazime yoyote mpaka kesho. Nikamwona bwana mmoja anaiangalia ile ndogo, nikainunua palepale. Nilikuwa nimetazama katikati ya kioo tu. Katikati palipendeza mno.

Alhamisi asubuhi tukajipanga. Bwana Nasoro aliweka kiti katikati kwa ajili ya shangazi yake. Bi Zuwena akakikataa.

"Kaeni nyie na watoto," alisema. "Mie mwenyeji. Mwenyeji hakai kati akawaacha wageni pembeni."

Wageni gani, na wote amewalea yeye? Lakini ndivyo alivyokuwa. Hata chakula alikula wa mwisho. Akaenda kusimama mwisho kabisa wa safu, juu ya ngazi ya jikoni, akatengeneza mtandio wake, akanikazia macho.

"Haya mwanangu, nipige vizuri. Mie hapa sirudii."

Chini ya kitambaa joto, watoto wanalia. Niliona pembe za kioo zina giza nikadhani ni kivuli cha paa. Nikapiga mara mbili, upesi upesi.

Mchana ule ule nikasafisha. Watu ishirini walitoka vizuri, mpaka vifungo vya kanzu vilihesabika. Pale juu ya ngazi palikuwa na kanga kuanzia kifuani kwenda chini, na juu yake giza tupu.

Mwanangu, hapa ndipo nataka unisikilize. Lenzi ilikuwa kosa dogo. Ilikuwa Alhamisi bado, mama wa watu yuko hatua hamsini kutoka kwangu, na ile lenzi kuukuu iko dukani inanisubiri. Ningekwenda tu nikasema, nimeharibu, tupige tena. Niliona haya. Ijumaa kutwa nilizunguka mitaa ya Temeke nikikwepa duka la Bwana Nasoro, na alipokutana nami akaniuliza, nikamwambia picha haijakauka. Jumamosi asubuhi miguu ikanipeleka Kinondoni kwa Fundi Petro. Nikamwonesha.

Hakunikemea habari ya lenzi. Aliitazama picha, akauliza, "Meli inaondoka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na umekuja kuniambia mimi?"

Nikaazima baiskeli, nikarudi Temeke kuchukua kamera, nikaenda bandarini jasho linanitiririka. Nilipofika, ngazi ya meli ilikwisha kuondolewa.

Bi Zuwena alihiji, akafia hukohuko, akazikwa huko. Bwana Nasoro nilipompelekea picha hakunitukana, na hilo limeniuma kuliko matusi. Aliitundika sebuleni na ipo hadi leo. Watoto waliozaliwa baadaye huoneshwa mmoja mmoja: huyu babu, huyu mjomba, na hapo penye giza ndiye Bibi Zuwena. Nimewaona wakiigusa ile pembe kwa kidole.

Lenzi kuukuu niliinunua baadaye, nikaitumia miaka mingi. Haikunirudishia kitu.

Basi shika haya, mwanangu. Ukichagua chombo, kazi au mwenzi, usitazame katikati peke yake, kwa kuwa katikati kila kitu kinapendeza. Tazama pembeni, maana wanaotupenda sana aghalabu ndiko wanakojiweka. Na ukiharibu, mwambie uliyemharibia, siku ileile, angali karibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo kiliniumbua kwa kumchukua mtu mwingine.

Mungu akutulize miguu, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na asikunyime uso wa yeyote umpendaye. Amina.