Daftari la Bi Jawaher

Saa moja asubuhi. Bi Jawaher Hamood anavua kandambili, anakwenda mdogo mdogo kwa miguu mitupu hadi kwenye sanduku lililofukiwa nyuma ya nyumba yake, kijijini Pujini. Anatazama taa ya kijani kwenye kifuniko chake. Inawaka. Anarudi barazani, anafungua daftari, anaandika: "Hakuna mtu."

Ndiyo kazi yake, kwa miezi minane sasa, kwa posho ya shilingi elfu sitini kwa mwezi. Sandukuni mna kifaa cha bei nafuu, udogo wake kama ukucha, kinachopima mvutano wa ardhi, ile nguvu inayovuta vitu chini. Maji yakipungua chini ya visima, mvutano nao hupungua, kidogo mno. Lakini kila kishindo hukitikisa, kwa hiyo kila anayekuja lazima aandikwe.

"Majirani walikuwa wakija hapa kutwanga mpunga," anasema mjane huyo wa miaka 63, ambaye wanawe wote wako Unguja. "Nikawaambia msije, mtaniharibia. Wakalishika neno langu. Hata salamu sasa wananipa wako njiani."

Mwezi uliopita Fahmi, fundi wa mradi huo wa kupima maji, alikuja na karatasi za vipimo. Kila siku baada ya alasiri, mstari ulirukaruka robo saa nzima. Daftari likasema hakuna mtu.

"Bi Jawaher, nani anakuja hapa saa kumi?"

"Hapaji mtu."

"Basi jini?"

"Jini gani wa kunijia mie kizee?"

Fahmi hakucheka. Alimwambia kwamba daftari likiwa la uongo, vipimo vyote vitatupwa na sanduku litahamishiwa kijiji cha Wawi.

Bi Jawaher akanyoosha kidole kwenye kinu kilicho uani.

"Ni mie. Natwanga."

"Unatwanga nini?"

"Kinu kitupu. Nyumba isiyosikika mchi watu huiona gofu. Nataka wapitao wadhani nina mgeni."

"Mbona hukuandika?"

"Mwanangu, uliniambia niandike anayekuja. Mie siji. Mie nipo."

Fahmi alikaa barazani, wakarudia kurasa zote pamoja. Kwa kuwa alitwanga saa ile ile kila siku, robo saa hiyo iliweza kutolewa kwenye hesabu, na vipimo vikapona. Tangu hapo kila ukurasa una mstari wa pili: "Mimi, saa kumi."

Sanduku litafukuliwa masika yakiisha. Jirani yake, Shamima, ameshapelekewa habari, kwa kuitwa kutoka barazani.

"Nimemwambia aje na mchi wake," anasema Bi Jawaher. "Kinu kimoja, michi miwili. Na siku hiyo ndani mna mpunga."