Mzani Masikioni mwa Dada

Kwenye rekodi moja ya dada yangu kulikuwa na sentensi ambayo hakuna mtu aliyeisikia ikisemwa.

Tulikuwa watatu studio. Dada mwenyewe, mimi, na shemeji yangu. Mlango umefungwa, feni imezimwa, simu zimezimwa.

Na bado sentensi ilisemwa, ikarekodiwa, na mimi nikaja kuisikia kesho yake nikiwa peke yangu.

Ilisema hivi: "Daktari muongo. Siendi."

Najua mshaanza kufikiria majini. Hakuna jini hapa. Tulijiroga wenyewe.

Mimi ni fundi sauti. Shule niliacha mapema, kazi nilijifunzia kwenye tepu, enzi hizo ukirekodi umerekodi, hakuna cha kurudi nyuma. Chumba changu kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta nimezibandika trei za mayai na mablanketi makuukuu. Mwimbaji anakaa upande wa pili wa kioo, mimi huku nachanganya: sauti hapa, ngoma pale, kila mmoja asikike bila kumkanyaga mwenzake.

Siri moja ya kazi hii nawapa bure.

Sikio ni jinga.

Mpandishie mteja sauti kidogo tu, usibadilishe kingine chochote, uone atakavyoruka. "Hapo hapo fundi! Hapo umeua!" Hujaua hata nzi. Umeongeza ukubwa tu. Kikisikika kikubwa, tunadhani ni kizuri.

Hata mimi fundi nadanganyika. Naongeza besi, naona nimepatia. Naongeza makali, naona nimepatia zaidi. Nikija kushtuka, wimbo mzima umekuwa ugomvi wa sokoni.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyetaka kuutibu ugonjwa huo. Yeye anaandika plagini, yaani vile vifaa vya sauti vinavyokaa ndani ya kompyuta. Akatengeneza chake, na ndani yake akaweka kitufe alichokiita Mzani. Kazi yake rahisi: ukiongeza kitu, sauti ikawa kubwa, Mzani anaishusha palepale hadi ilipokuwa. Ikipungua, anaipandisha. Hivyo unalinganisha kabla na baada kwa haki, ukubwa ni uleule.

"Shem, hiki kitakufanya uwe mkweli," aliniambia.

"Nikiwa mkweli nitakosa wateja."

"Kijaribu kwanza, acha maneno."

Nikakijaribu. Kwenye gitaa, safi. Kwenye ngoma kilichechemea, kila besi ikipiga kinashusha kila kitu, kama mtu anayeinama akisikia mlango umegongwa. Nikamwambia. Akasema anajua, masikio ya binadamu hayaoni uzito wa besi kama mashine inavyouona, atarekebisha.

Alichokuwa hajakijaribu ni sauti ya mtu aliye hai, anayeimba palepale.

Sasa dada.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenilea mama alipoanza kuumwa. Na ameimba maisha yake yote. Harusi, misiba, sherehe za wanasiasa, kokote. Sauti yake ilikuwa inapanda hadi unatazama juu kuona inakwenda wapi.

Kisha ikaanza kukwaruza. Tukasema mafua. Tukasema vumbi. Daktari akasema uvimbe.

Uvimbe ulikuwa umeshakaa kwenye kisanduku chenyewe cha sauti, kule kooni. Daktari hakuzunguka: kitolewe chote Jumatatu, aishi bila sauti, au kiachwe, na baada ya muda si mrefu asiwepo wala sauti wala mwenye sauti.

Dada alikubali. Mbele yetu sote. Akaweka sharti moja.

"Kabla hawajanikata, mdogo wangu anirekodi ule wimbo wa mama."

Ulikuwa wimbo mama aliokuwa akiimba akifua. Unaanza chini kabisa, kama mtu anajisemea. Beti ya mwisho unapanda mlima.

Ijumaa mchana akaja. Shemeji naye akaja na kompyuta yake.

"Shem, mwache dada aimbe akiwa na Mzani kwenye hedifoni," akasema. "Atajisikia vizuri, sauti haitamkimbia."

Nikaona sawa. Na mimi, kwa ile tabia yangu ya tepu, narekodi kila kitu kikishapita kwenye vifaa, siweki nakala ghafi pembeni. Kilichoingia masikioni mwa dada ndicho kilichoingia kwenye kompyuta.

Dada akavaa hedifoni, akatoa mstari mmoja. Akaacha mdomo wazi.

"Weee! Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, dada."

"Mbona nimekuwa msichana!"

Tukacheka. Akaimba wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, macho amefumba, mkono kifuani. Noti ya mwisho ilipokwisha, sote watatu tukavua hedifoni, mimi na shemeji tukapeana mikono kama watu waliofunga bao. Mashine niliiacha inazunguka, huwa siikati mapema.

Dada alitoka mle ndani anang'aa.

"Jumatatu asubuhi nakupitia," nikamwambia.

"Haya, bwana mdogo," akasema. Akanipigapiga shavu kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto. Akaondoka.

Usiku huo sikulala vizuri. Kuna kitu kilikuwa kinanikereketa na sikijui.

Asubuhi nikawahi studio. Nikaufungulia wimbo.

Mzuri. Umejaa. Lakini haukai. Nikasimama, nikakaa, nikasogeza spika, nikarudisha spika. Nikausikiliza nikiwa mlangoni. Nikausikiliza nimeegemea ukuta.

Nikaja kugundua: wimbo ulikuwa bapa kama meza. Beti ya kujisemea ilikuwa kubwa sawasawa na beti ya mlima. Mama hakuwa akiimba hivyo. Dada hajawahi kuimba hivyo.

Na kila dada alipopumzika kati ya beti, kimya kilikuwa kinavimba. Unasikia pumzi, unasikia kiti, unasikia hadi lori la saruji nje. Mzani anaona sauti imepungua, anadhani wimbo umeshuka, anavuta kila kilichopo kukipandisha juu.

Nikauacha uende hadi mwisho kabisa. Noti ya mwisho ikazima. Kimya kikaanza kuvimba.

"Daktari muongo. Siendi."

Nikageuka kutazama nyuma yangu.

Nikarudisha. Ni yeye. Ni mnong'ono wa mtu anayejisemea mwenyewe, lakini Mzani ameupandisha mpaka ni kama amekaa mapajani mwako.

Nikampigia dada. Simu inaita, haipokelewi. Nikampigia tena. Nikampigia shemeji.

"Kitufe chako kimebeba maneno ya dada."

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Akaanza kueleza haraka haraka, sijui kinapima kila sekunde, sijui kilitakiwa kusimama kukiwa kimya...

"Shemeji, sitaki somo! Njoo studio, mimi namfuata."

Nilikwenda kwa miguu maana kusimama kusubiri usafiri nisingeweza. Nilipita mafundi cherehani, nikapita wauza mitumba, watu wananisalimia, siitikii. Mmoja akanipigia kelele: "Fundi, umekimbiwa na mke?" Sikugeuka.

Dada nilimkuta anafagia uani.

"Karibu, bwana mdogo. Mbona unahema kama uliyefukuzwa na mbwa?"

"Begi liko wapi?"

"Begi gani?"

"La hospitali, dada."

"Limerudi juu ya kabati. Linapumzika."

Nguo alizokuwa amezipanga zilikuwa zimetundikwa upya kwenye misumari yake. Nikatoa simu, nilikohamishia ule mwisho wa rekodi, nikamsikilizisha. Alisikiliza hadi mwisho, ufagio mkononi. Akacheka, kile kicheko chake cha kukwaruza.

"Kumbe maiki ilikuwa wazi! Basi umenipunguzia kazi ya kutunga uongo."

"Dada, utakufa."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Daktari huyohuyo alisema sauti yangu imekwisha. Jana hukunisikia? Nilipanda hadi juu kabisa, sauti imejaa tele, haijakatika hata padogo. Nimeisikia kwa masikio yangu haya mawili. Mtu akikosea hilo, nimwamini kwa lile la kisu?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Kwa masikio yake mawili. Ndani ya hedifoni. Kupitia Mzani.

Kila sauti yake ilipofifia, kitufe kiliipandisha. Kule juu mlimani ilikobaki hewa tupu, kitufe kiliishika ile hewa kikaijaza, na sikio likadhani ni noti. Mimi na shemeji tulimpa mgonjwa kioo kinachomwonyesha ni mzima, kisha tukapeana mikono.

Ningeweza kumwambia palepale. Asingeniamini. Dada haamini maneno, anaamini sikio.

"Twende studio," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Wimbo umekaa vibaya. Haupandi wala haushuki. Tuurudie."

Hapo akautupa ufagio. "Haupandi? Wimbo wa mama haupandi? Ngoja nivae viatu."

Shemeji alikuwa mlangoni anatusubiri, kucha zote amezimaliza kwa meno. Nikamwambia kwa sauti ya chini: "Zima Mzani. Zima kila kitu. Apate sauti yake tu."

"Shem, atasikia..."

"Ndiyo. Asikie."

Dada akavaa hedifoni. Akaanza. Kule chini alikuwa anakwaruza, lakini alikuwepo. Beti ya pili akayumba. Akaupanda mlima.

Haikutoka sauti. Ilitoka hewa.

Akasimama. Akagonga hedifoni kwa kidole. "Washa mtambo vizuri."

"Umewashwa, dada."

"Kama jana."

"Jana kulikuwa na kitu kinakupandisha."

Alinitazama kupitia kioo. Kisha akasema, "Anza tena," akauimba wote upya. Mlima aliupanda kwa hewa ileile, hakuukwepa hata noti moja. Shemeji alikuwa ameugeukia ukuta.

Dada akatoka, akaiweka hedifoni mezani taratibu.

"Kwa hiyo jana nilikuwa naimba na nani?"

Shemeji ndiye aliyejibu. "Na mashine, dada. Kila ulipopungua ilikuongezea. Nisamehe."

Dada hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Yeye simjui sana. Wewe nilikubeba mgongoni."

Akachukua mtandio wake, akatoka. Jumatatu nilipompitia, begi lilikuwa mlangoni. Aliingia ndani ya gari bila kunisalimia. Hilo lilikuwa neno ambalo angeweza bado kulisema, na hakulisema.

Kisanduku cha sauti kilitolewa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, asingekishika kisu.

Shemeji alijifungia na ile plagini. Sasa Mzani anausikiliza wimbo mzima kwanza, anachagua kipimo kimoja, anakaa nacho, hakimbizani na mwimbaji. Kukiwa na kimya anasimama, hagusi kitu. Besi anaipima kama sikio linavyoipima. Na ukitaka kumweka kwenye hedifoni ya mtu anayeimba, anagoma, anajizima mwenyewe.

"Hilo la mwisho hakuna aliyeniomba," shemeji aliniambia. "Ni la dada."

Nimekijaribu. Kinafanya kazi safi kuliko vyote nilivyowahi kuvishika. Na kwa jinsi kilivyo sasa, ile sentensi nisingeisikia. Ila pia dada asingekuwa na sababu ya kuisema. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka nimechoka, halipati pa kukaa.

Dada alipopata nafuu alikuja studio. Mara moja tu. Akaashiria nimpigie rekodi zote mbili. Ya Ijumaa, iliyojaa. Ya Jumamosi, ya hewa. Alizisikiliza hedifoni ikiwa shingoni, karibu na lile kovu.

Kisha akaandika kwenye simu yake, akanigeuzia: Futa ile nzuri.

"Dada, ndiyo pekee unayosikika."

Akaandika tena: Hii mbaya inapanda.

Nikaifuta mbele yake. Hata ile ya kwenye simu yangu.

Unaponisoma, shika hili moja. Mtu wako akikwambia anajisikia vizuri, mwulize anajisikilizia wapi. Na ukiwa wewe ndiye unayempandisha ili afurahi, jua unamwibia habari zake mwenyewe.

Hesabu yake ni hii.

Sauti moja, imekwenda. Wimbo wa mama, umebaki wa hewa. Sentensi iliyomwokoa, nimeifuta kwa mkono wangu. Kupigwapigwa shavu na kuitwa bwana mdogo, sijapata tena.

Dada yupo.