Mke Mwenzangu wa Maskati

Nilirudi darasani nikiwa na miaka sitini na mbili. Darasa lenyewe lilikuwa baraza la jirani, juu ya mkeka, katikati ya watoto saba ambao mkubwa wao ndiyo kwanza alikuwa ameota meno mapya ya mbele. Somo lilikuwa Kiarabu. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Tanga, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu Bariadi, ambaye Jumamosi na Jumapili alasiri aliwafundisha watoto wa mtaa lugha hiyo. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa nikiwa mgongoni, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mke wa mkulima wa pamba. Kwa hiyo maneno yalikuwa mengi.

Wenzangu wa jumuiya walinifuata nyumbani wakiwa watatu, wakakaa, wakasalimia mpaka salamu zikaisha.

"Tumesikia unasoma," mmoja akasema.

"Nasoma."

"Kiarabu."

"Kiarabu."

Wakasubiri niwaambie nabadili dini lini. Sikuwaambia kitu. Nina kiburi kidogo, na siku ile nilikifurahia. Niliwaletea matobolwa ya viazi vitamu na chai, wakala, wakaenda zao na swali lao.

Sababu ilikuwa mjukuu wangu wa kwanza. Binti yangu ni muuguzi huko Maskati, huu mwaka wa tisa, na ameolewa hukohuko. Mtoto wao wa kike alikuwa na miaka sita na alizungumza Kiarabu tu, maana mama yake anashinda hospitali na mtoto analelewa na bibi yake mwingine, mzaa baba. Kwenye simu alikuwa ananitazama mara moja kama mtu anayetazama tangazo la sabuni, anasema neno moja, kisha anakimbia. Nilimgombeza binti yangu mara nyingi. Alikuwa ananijibu, "Nitamfundisha Kiswahili, mama, nikipata nafasi." Nafasi hiyo ilikuwa inatafutwa tangu mtoto akiwa tumboni.

Kisha akanipigia kuniambia wanakuja mwezi wa saba, yeye na mtoto, wiki mbili. "Usiwe na wasiwasi," akasema, "nitakutafsiria."

Hapo nilikasirika kweli. Mjukuu wa kutafsiriwa sikumtaka. Kwetu Wasukuma bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wako, mnagombania babu. Unamwambia, "Umekuja kuninyang'anya mume wangu wewe, na hata ugali hujui kusonga." Naye anakujibu, "Wewe umezeeka, rudi kwenu." Bibi yangu alinitukana hivyo kila asubuhi mpaka alipofariki, na sijapendwa vile tena na mtu mwingine. Utani wa namna hiyo ukipitia kwa mkalimani unafika umepoa. Nilitaka nimtanie mwenyewe, anijibu mwenyewe. Nilikuwa na miezi mitatu.

Siku ya kwanza nilikwenda barazani na daftari kubwa, kalamu mbili na rula. Mwalimu aliinuka, akaniamkia kwa adabu zote za kwao, kisha akalichukua lile daftari na kuliweka dirishani.

"Hapa hatuandiki, bibi," akasema. "Hapa tunacheza."

Akaonyesha shimo dogo lililochimbwa chini ya ngazi ya baraza, na kando yake mawe ya mdako.

Niseme ukweli wangu hapa. Nilifundisha miaka thelathini na nne, na mdako nilikuwa nauita upuuzi. Mtoto niliyemkuta na mawe mfukoni nilimnyang'anya, na mawe yale niliyaweka kwenye kopo la maziwa, nikisema nitayarudisha siku ya kufunga shule. Sikuyarudisha. Kopo lilikuja nami nyumbani nilipostaafu, pamoja na kengele iliyopasuka.

Sheria za mwalimu zilikuwa rahisi. Unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka unachota mengine shimoni na kutaja idadi yake kwa Kiarabu. Ukikosea, au ukichelewa, zamu imekutoka. Kudaka nilidaka, mikono haijasahau. Ulimi ndio ulionitia aibu. Ile khamsa, yaani tano, inatakiwa itoke kooni, mimi inatokea kwenye meno. Watoto hawakunihurumia hata kidogo. Nilipotaja saba mahali pa sita walipiga kelele wote saba kwa pamoja, na mmoja, mwenye kamasi, akanirekebisha kwa sauti ileile niliyokuwa natumia mimi darasani. Nikamwelewa kila mtoto niliyewahi kumfundisha.

Baada ya mdako ilikuja rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa, na wanaorusha wanapaswa kusema kwa Kiarabu: simama, kimbia, rudi nyuma, haraka. Wanakupiga kwanza, maana ya neno unaielewa baadaye. Nilipigwa mgongoni, nikapigwa tumboni, na neno la "haraka" liliniingia kupitia kwenye goti. Mzee wangu, yule mkulima wa pamba, alikuwa anapita na baiskeli, akasimama kuangalia, kisha akaendelea na safari yake. Nyumbani akaniuliza kama Kiarabu kina maumivu kiasi hicho hata kwa Waarabu wenyewe.

Miezi mitatu ilipoisha nilikuwa najua kuhesabu hadi ishirini. Nilijua kusema zamu yako, zamu yangu, umekosa, rudia, kimbia, umeshikwa, na ghashasha, yaani mwanamke mdanganyifu, neno ambalo niliitwa mimi mara nyingi zaidi ya wote. Kuomba maji sikujua. Kusema "nimekukumbuka" sikujua. Mzee akaniuliza, "Sasa mtoto akifika utamwambia umeshikwa?"

Nikaenda kwa mwalimu kuomba neno moja tu nje ya mchezo. Nilitaka kujua mke mwenza anaitwaje.

Alisita. "Anaitwa dharra," akasema. "Lakini bibi, lile neno huko ni zito. Watu hawataniani nalo."

"Utani ni utani," nikamjibu. Mimi ni mwalimu wa siku nyingi, nikishaamua jambo sisikii. Nililifanyia mazoezi jikoni wiki nzima: ya dharrati, ewe mke mwenzangu.

Walifika Alhamisi mchana kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, wamepitia Nassa na Lamadi, vumbi hadi kwenye nyusi. Pamba ilikuwa imejaa sebuleni hadi dirishani, kwa hiyo tuliwapokea uani. Mtoto aliteremka amevaa viatu vinavyowaka taa. Nikamwendea, nikainama, nikamtazama machoni, nikamkaribisha kwa sauti iliyoiva, "Ahlan, ya dharrati."

Alinielewa, hilo lilikuwa wazi. Uso ulimshuka. Akarudi ndani ya gari, akafunga mlango.

"Mama," binti yangu akasema, "umemwambia nini?"

Nilipomweleza alijishika kichwa. Mwaka ule, nyumba ya pili kutoka kwao, bwana mmoja alileta mke wa pili. Kelele zilisikika mtaa mzima, na mke wa kwanza aliondoka na watoto wake, mmoja wao akiwa rafiki wa mjukuu wangu. Kwa hiyo mtoto alilijua neno vizuri kuliko mimi. Dharra ni mtu anayefika, kisha mtu mwingine anaondoka. Mle garini alikuwa anamwuliza mama yake swali moja tu: nani atafukuzwa, yeye au mimi?

Binti alimweleza utani wa Kisukuma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utani unaoelezwa hauchekeshi hata watu wazima. Siku tatu mtoto hakunisogelea. Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nikimpa maziwa anayachungulia kwanza. Na kwa nani alikimbilia? Kwa mzee, ambaye hajui neno hata moja la Kiarabu. Alimshika shati, wakaenda kuangalia ng'ombe, wakarudi, wakala kwenye sahani moja. Mzee alikuwa anamsemesha Kisukuma, mtoto anamjibu Kiarabu, na wote wawili wanaridhika.

"Mke mdogo ananipenda," mzee akaniambia.

Nilicheka, lakini usiniulize nilicheka kwa moyo gani. Niliona wivu. Nilimwonea wivu mume wangu kwa ajili ya mtoto, na nilimwonea mtoto wivu kwa ajili ya mume wangu, na mwalimu wa Tanga alikuwa amenionya. Wiki mbili zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nikawaza kwamba ataondoka, na atakapokuwa mkubwa mtu akimwuliza habari za bibi yake wa Tanzania atasema ni yule mwanamke aliyetaka kunifukuza.

Jumapili baada ya misa nililitoa lile kopo la maziwa chini ya kitanda. Nikachimba shimo uani, nyuma ya mlango wa jikoni, nikakaa chini miguu nimeinyoosha, nikaanza kucheza peke yangu. Nilijua yuko nyuma ya mlango, maana taa za viatu zilikuwa zinaonekana kwa chini. Na nilijua jambo moja kutoka barazani: hakuna mtoto duniani anayeweza kuvumilia kusikia hesabu ikikosewa na mtu mzima.

Nikarusha. "Wahid." Nikarusha. "Ithnan." Nikarusha. "Arbaa."

Taa za viatu zikasogea.

Nikaanza tena, polepole. Wahid. Ithnan. Arbaa.

"Thalatha," mlango ukasema. Tatu.

Sikugeuka. Nikatikisa kichwa kama mkaidi, nikarudia arbaa. Akatoka. Akachuchumaa mbali kidogo, akanisahihisha tena, kidole juu, kwa hasira. Nikamsukumia mawe. "Daurik," nikamwambia. Zamu yako.

Alikuwa hajawahi kucheza mdako, lakini alikuwa na mikono ya mama yake. Raundi ya nne alikuwa ananishinda. Nikaficha jiwe moja kwenye kanga. Akahesabu, akahesabu tena, akanitazama, akaivuta ile kanga, jiwe likaanguka.

"Ghashasha," akasema.

Hilo ndilo tusi la kwanza mjukuu wangu aliloniambia kwa hiari yake, na sijawahi kupewa heshima kubwa zaidi. Nikamjibu kwa yote niliyonayo: rudia, umekosa, haraka, zamu yangu, mdanganyifu ni wewe. Kiarabu changu kilikuwa kinatosha. Kuomba maji hakukuhitajika.

Binti yangu alitoka na ndoo, akasimama. Aliangalia shimo, akaangalia kopo, akainama kuokota jiwe moja jeupe, laini, lililo bapa upande mmoja.

"Mama," akasema, "hili si jiwe langu?"

Lilikuwa lake. Aliliokota ziwani Nassa tulipokwenda kwa shangazi yake, na nilimnyang'anya akiwa darasa la tatu, darasani kwangu, mbele ya wenzake, ili wasiseme napendelea mwanangu. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakuwa amesahau.

"Ni lako," nikamwambia. "Nilikosea, mama. Kaa ucheze."

Akaiweka ndoo chini, akakaa. Ugali wa siku ile aliusonga mzee, na uliiva upande mmoja.

Siku zilizobaki hatukupumzika. Mtoto alipelekwa barazani akacheza rede na wale watoto saba, akawa kama mkaguzi wa elimu, anasahihisha hadi mwalimu. Asubuhi aliamka kabla yangu, akaja kusimama mlangoni mwa chumba chetu, mikono kiunoni, na kuniita dharrati kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mzee alimfundisha kuongeza kwa Kisukuma kwamba nimezeeka. Wenzangu wa jumuiya walipopita kutusalimia walimkuta ananifukuza kuzunguka banda la kuku akihesabu kwa Kiarabu. Wakasema wabeja, yaani asante, kwa chai, na lile swali lao hawakulirudia tena.

Siku ya kuondoka ikafika. Nilikuwa nimemwomba mwalimu sentensi ndefu nzuri ya kuagana, nikaishika kama sala, ikapotea yote gari lilipowashwa. Mtoto alinitazama kutoka dirishani. Akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha kiganjani lile jiwe jeupe, jiwe letu la kurushia, ambalo bila yake hakuna mdako. Akalifumbata, akalirudisha mfukoni.

"Dharrati," akasema. "Daurik."

"Mama, anasema..." binti yangu akaanza.

Nilimwambia anyamaze.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kupiga picha ya pasipoti. Kijana wa studio aliniambia nisicheke, Uhamiaji hawataki, na tukarudia mara tano.